Nikutungie Kidani

Siku ya tisa baada ya kujifungua, mama alinilaza chali juu ya mkeka, akapitisha kipande cha merikani chini ya kiuno changu, akaanza kunifunga mkaja. Alikaza kwa mikono miwili, goti lake moja kalikita ubavuni mwangu, kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli. "Vuta pumzi, mama. Haya, itoe. Itoe yote." Nikaitoa. Akakaza tena. Binti yangu alikuwa amelala pembeni ndani ya kichandarua chake, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya uji wa pilipili manga, ambao mpaka siku hiyo nilikuwa nimeshaunywa mara zisizo na idadi.

Kwetu Pemba mtu humwita bintiye "mama" tangu yumo kwenye nepi. Mimi nimeitwa hivyo miaka 34 na sikuwahi kulitafakari neno lenyewe. Asubuhi ile lilinishika. Aliyekuwa akinifunga alikuwa mama yangu, aliyekuwa akifungwa alikuwa mama wa siku tisa, na dakika chache baadaye kichanga kilipoanza kulia, bibi yake alikiinamia akakiambia: "Nini tena, mama? Nani kakuonea?" Wanawake watatu chumba kimoja, na jina moja linatuzunguka kama bakuli la chakula.

Kwa wasiolijua, mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni ili mwili urudi na mgongo upate nguvu. Nasema "mzazi" kwa maana ya kwetu, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua juzi na jana, aliye bado ndani ya arobaini yake. Merikani ni kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Kimebaki na jina la meli za Wamarekani zilizokileta Unguja katika karne ya 19, na mama anakipenda kwa sababu hakilegei.

Neno mkaja nililijua kabla ya siku ile, ila nililijua kwa njia nyingine. Lilikuwemo kwenye karatasi ya posa yangu. Mahari kiasi kadhaa, kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko. Mchumba wangu alilipa, wazee wakahesabu, wakala biriani, na mimi nikaona ni majina ya kale yaliyobaki kama vichwa vya habari juu ya pesa. Sikujiuliza kwa nini ada ya mama wa bibi harusi ipewe jina la kitambaa cha tumboni, wala kwa nini nyingine ipewe jina la nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Jibu nililipata pale chini kwenye mkeka, nimebanwa mbavu. Watu wa zamani walikaa wakafikiri: huyu mwanamke tunamchukulia binti yake, tumrudishie nini? Wakasema tumrudishie kile kitambaa alichofungwa siku alipomzaa, na ile nguo aliyombebea. Haiwezekani kulipa zaidi ya hapo, basi angalau vitu vitajwe kwa majina yake. Nikamuuliza mama, ile pesa ya mkaja uliifanyia nini? Akasema, "Nilinunua sindano, unga, na dawa ya macho ya baba yako."

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili sekondari, Dar es Salaam. Kwa miaka tisa nimewafundisha wanafunzi Utenzi wa Mwana Kupona, na lazima niseme ukweli hapa: nimeufundisha vibaya. Sikukosea mizani wala msamiati. Nilifundisha kwamba una beti 102, kwamba kila ubeti una mishororo minne yenye mizani minane minane, kwamba ulitungwa mwaka 1858, na kwamba ni wasia wa mama kwa bintiye juu ya dini, adabu na wajibu wa mke kwa mumewe. Halafu swali la mtihani: "Jadili nafasi ya mwanamke katika jamii kwa kutumia utenzi huu." Wanafunzi wa kike walikunja nyuso, wa kiume wakacheka kwa chinichini, na mimi nikasahihisha karatasi.

Katika arobaini sikuwa na vitabu. Nilikuwa na simu, na usiku nilikuwa na saa nyingi, kwa sababu binti yangu aliamua tangu mwanzo kwamba usiku ni wakati wa kunyonya. Saa nane za usiku, taa imezimwa, mvua iko juu ya bati, nikaufungua utenzi kwenye simu kwa mkono mmoja. Nikasoma beti ninazozijua kwa moyo:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia.*

*Maradhi yamenishika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia.*

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na karatasi*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia.*

Nikaiweka simu chini. Mimi niliyewahi kuzieleza beti hizi ubaoni kwa chaki, "negema" maana yake sogea, "pulika" maana yake sikia, "sanati" ni miaka, sikuwahi kumwona yule mwanamke. Anaumwa mwaka mzima. Simulizi zinasema maradhi yenyewe yalikuwa ya kizazi, ya kutokwa na damu. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulioko kisiwa cha Pate katika pwani ya Kenya ya leo, aliyepambana na Sultani wa Unguja, alikufa mwaka 1856, kwa hiyo miaka miwili imepita tangu akae eda. Ana watoto wawili. Binti, Mwana Hashima, ana miaka 17. Mama anajua haponi. Na kitu kinachomuuma anakitaja mapema kabisa: mwaka mzima nimelala hapa, na sijapata kukuambia neno jema.

Sikupata kutamka. Nililia, na maziwa yakatoka, na mtoto akakasirika kwa sababu yalimjaa puani.

Halafu tazama anavyomwita. Si kwamba njoo nikuhutubie. Anamwambia njoo mbele, kaa, na wino na karatasi. Ubeti unaofuata anamwambia aanze kwa kuandika bismillahi. Maana yake binti wa miaka 17, kisiwani, mwaka 1858, alijua kuandika, na mama anataka mkono wa binti uwe na kazi wakati yeye anasema. Hili la mkono kuwa na kazi nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae niandike haya.

Baada ya hapo ndipo anaahidi zawadi. Kwanza hirizi ya kufungwa kwa uzi. Kisha:

*Nikutungie kidani*
*cha lulu na marijani*
*nikuvike kama shani*
*shingoni ikizagaa.*

Nikutungie. Kitenzi hiki nimekifundisha maelfu ya mara. Mtunzi, utunzi, tungo, kutunga insha. Lakini usiku ule kilinijia kwa upande mwingine, na ili nieleze upande huo inabidi niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa likisemwa.

Mwaka 2019, katika hospitali moja jijini, mtu aliyekuwa anaandika bila kuinua macho aliniambia: "Mimba yako imetunga nje ya kizazi." Nilikuwa na wiki saba. Mimba ya namna hiyo aghalabu hutunga ndani ya mrija, haiwezi kukua, na mrija ukipasuka mwanamke hutokwa na damu ndani kwa ndani na anaweza kufa. Nilipasuliwa siku ile ile, mrija mmoja ukaondolewa, nikapewa karatasi ya kuruhusiwa na tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi. Hakuna aliyekosea. Waliniokoa. Ila nilitoka pale na hilo neno limekwama kooni: imetunga. Kwa siku nyingi kila nilipoingia darasani na kuandika ubaoni "kutunga", mkono ulisita.

Kwetu pwani tunatunga nini? Tunatunga samaki kwenye kamba, ndio mtungo. Tunatunga asumini jioni kwa sindano na uzi. Tunatunga shanga. Tunatunga uzi katika tundu la sindano. Jipu hutunga usaha. Mshairi hutunga shairi. Na mimba hutunga. Lugha nzima inakiona kitendo kile kile: vitu vidogo vilivyotawanyika vinakusanyika mahali pamoja, vinashikana, vinakuwa kitu. Sikujua kama lugha yangu ilikuwa inanifariji au inanichoma. Mwana Kupona alipomwambia bintiye "nikutungie", alikuwa tayari amemtunga mara moja, tumboni. Sasa anamtungia mara ya pili, kwa pumzi iliyobaki.

Mimi ambaye mimba yangu ilitunga nje ya mahali pake nikajiuliza, je, mimi wakati ule nilikuwa mzazi? Methali inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu niliujua. Mwana je? Swali hili sikumuuliza mtu miaka minne.

Sasa nije kwa mama yangu, ambaye haandiki. Alisoma chuoni, yaani madrasa, na Qur'an anaisoma vizuri na kwa sauti tamu, lakini kalamu haikuwa sehemu ya maisha yake. Yeye anasuka. Katika kijiji chetu, nje kidogo ya Wete, mwanamke asiyesuka ukili huulizwa kama anaumwa. Wakati wa karafuu alisuka majamvi ya miyaa, yale magumu ya kuanikia, kwa sababu karafuu hukaushwa juani juu ya majamvi na kila mwenye mikarafuu anayahitaji. Madaftari yangu ya shule yalitoka kwenye majamvi. Sare nayo. Karafuu za Pemba zimeandikwa sana katika vitabu vya historia: Masultani, mashamba, watumwa, kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Sijaona mahali palipoandikwa wanawake wangapi walikaa chini wakasuka yale majamvi, na zao zima lilikauka juu ya kazi ya mikono yao.

Mikeka ni kazi nyingine, ya ukindu, laini zaidi. Makuti machanga ya mkindu huanikwa mpaka yapauke, huchanwa vipande vyembamba viitwavyo chane, nyingine huchemshwa na rangi: zambarau, kijani, nyekundu ya damu ya mzee. Kabla ya kusuka unazilowesha kidogo, maana ukindu mkavu hukatika. Unasuka utepe mrefu, huo ndio ukili, na unaupima kwa pima, mikono imenyooshwa kutoka ncha ya vidole hadi ncha. Ukitosha, unaushona ukingo kwa ukingo, unazunguka, mpaka mkeka utoke. Chane moja inapokaribia kwisha, unapachika nyingine juu yake kabla haijaisha, unaendelea. Ukichelewa kupachika, pana tundu.

Nilijifunza nikiwa mdogo na nikaacha nilipokwenda bweni. Wiki ya pili ya arobaini, mkaja umenibana, siruhusiwi kuchota maji wala kuinama, mama akaniwekea kifungu cha chane mapajani. "Usikae bure. Mzazi akikaa bure huwaza." Mwanzoni vidole vilikataa. Siku ya tatu vikakumbuka, na kukumbuka kwa vidole ni kitu cha ajabu, kama kuingia nyumba ya utotoni gizani na kujua kizingiti kilipo.

Tulikaa ukumbini, yeye kwenye jamvi na mimi kwenye mto, mtoto katikati yetu. Macho chini. Ukisuka humtazami mtu usoni, huwezi, utapoteza hesabu. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mama yangu, ambaye maisha yangu yote amekuwa mtu wa maneno machache, husema wakati anasuka. Husema taratibu, kwa kasi ya ukili. Akinyamaza hakuna anayeona kwamba amenyamaza, kwa kuwa mikono inaendelea.

Siku moja alimtuma msichana wa jirani apande darini jikoni, ashushe kitu kilichofungwa ndani ya kaniki. Kikashushwa. Ulikuwa ukili, umeviringwa kama gurudumu, umekula moshi mpaka umegeuka rangi ya chai ya rangi. Ungeweza bado kuona palipokuwa na zambarau.

"Huu nilikuwa nausuka kabla yako," akasema. Akaendelea kusuka wa mkononi. "Ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Nilitaka mkeka mdogo wa kumlazia. Nilifika pima saba."

Nikasubiri. Nilikuwa nimeambiwa maisha yangu yote kwamba mimi ndiye mtoto wa kwanza.

"Mwanamume. Alikaa siku sita. Ya saba ndiyo ingekuwa ya kunyolewa nywele." Akapachika chane. "Alikuwa na nywele nyingi. Kama huyu."

Sikuinua macho, na nashukuru kwamba sikuinua. Ningemtazama angenyamaza. Nikasuka, nikakosea, nikafumua, nikasuka tena. Naye akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya unga: kwamba ilikuwa masika, kwamba mkunga alifika amelowa, kwamba baada ya kuzika hakuna aliyelitaja tena, si kwa ubaya, ndivyo watu walivyodhani wanakustiri. Alitaka kuuchoma ukili akashindwa. Kuushona akashindwa. Akauweka juu ya moshi usiliwe na wadudu.

Nami nikamwambia yangu. Ile ya 2019. Yeye alijua tu kwamba nilifanyiwa "operesheni ya tumbo". Nilisema nikitazama vidole. Nilipomaliza akauliza, "Wiki ngapi?" Nikasema saba. Akasema, "Basi ilikuwa imeshakujua." Hakusema zaidi. Nimelibeba neno hilo mpaka leo.

Tulifika hapo kwa sababu ya mikono. Ningeenda kumhoji mama yangu na daftari, nikae naye uso kwa uso, nisingepata hata sentensi moja. Mwana Kupona naye alilijua hili, naamini hivyo kabisa. "Ndoo mbee, na wino na karatasi." Mwaka mzima alishindwa kutamka, akaweza kutamka pale alipompa binti kitu cha kushika.

Kuna mwanamke mwingine niliyemfikiria sana siku zile, na yeye anatoka upande wa pili wa vita vile vile. Mwaka 1856 alipokufa Bwana Mataka, alikufa pia Sultani Sayyid Said, adui yake, akiwa melini kurudi kutoka Muscat. Miongoni mwa watoto wengi alioacha ni binti wa miaka 12 aliyezaliwa Mtoni, Unguja: Salme. Huyu hakufundishwa kuandika, alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo, akafika nyumba ya Sultani akiwa na umri wa kung'oka meno ya utoto. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859. Salme akatoroka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda, akajifungua Aden mtoto wa kwanza, ambaye hakufika naye Hamburg. Mume naye akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anaitafuta. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886, kwa Kijerumani, na alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, ili wajue yeye ni nani.

Kijerumani! Mama yake mwenyewe asingelisoma hata neno. Lakini watoto wangelisoma, na mama huandika kwa lugha ya anayebaki. Nawaza wajane hawa wawili, Mwana Kupona huko Pate na Salme huko Ujerumani, wametenganishwa na miaka na bahari na damu iliyomwagika Siyu, na kila mmoja anafanya jambo lile lile mezani pake. Katika mitaala yetu mmoja ni "fasihi" na mwingine ni "historia", na mwalimu wa fasihi na mwalimu wa historia hawajadiliani hata wakati wa chai.

Najua swali linalokuja, kwa kuwa wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka. Je, zile beti za mume? Mtii, usimkatalie, akilala usimwamshe, mpapase, mpepee, mtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Sitazitetea zote. Nina binti, na sitamfundisha kunyamaza mbele ya mtu anayemwonea. Lakini baada ya wiki tano za kukaa na kichanga, kuna kitu nimekiona ambacho sikukiona miaka tisa. Kulala na kutoamshwa. Kupapaswa. Kupepewa. Kutunzwa kama asiyejua kunena. Hizi zote ni kazi za mama kwa mtoto! Mwana Kupona alipotafuta mfano wa kumweleza binti yake upendo wa kumtunza mtu, aliuchukua pale alipoujua vizuri zaidi, kwenye kitanda cha mwanawe. Nilikuwa nafundisha kwamba ni utenzi wa mke. Kwa macho yangu ya sasa, mama amejaa humo mpaka pale anapomzungumzia mume. Na tena, huyu ni mjane anayekufa, anamwacha binti katika mji uliozungukwa na vita, bila baba na karibu bila mama. Ulinzi pekee anaouona mbele ya mtoto huyo ni ndoa isiyovunjika. Anamfundisha jinsi ya kuishi ndani ya nyumba ya watu. Mwenye kutaka kumlaumu amlaumu, lakini kwanza akae naye kitandani.

Mwana Hashima, kwa taarifa yenu, aliishi. Alifika uzeeni. Kidani kilikaa shingoni.

Nilirudi Dar es Salaam mtoto akiwa na miezi mitatu. Nilipoingia tena darasani, sikuanza na idadi ya beti. Niliwaomba wanafunzi kila mmoja aende nyumbani akafanye kazi yoyote ya mikono pamoja na mama yake, au bibi, au shangazi, au yeyote aliyemlea: kukuna nazi, kuchambua mchele, kushona, kusuka nywele, kumenya vitunguu vya biashara. Wasiulize kitu. Wakae tu, mikono ifanye kazi, macho chini. Wengine walirudi na "tulinyamaza tu, mwalimu". Kijana mmoja anayekaa nyuma, ambaye huwa haandiki zaidi ya nusu ukurasa, alileta kurasa nne juu ya kukoboa mahindi na bibi yake, na akaniomba nisizisome mbele ya wenzake. Sikuzisoma. Sitaandika hapa yaliyokuwemo.

Mwanangu sasa ana miezi minane. Ubeleko wake ni kanga ya mama iliyochakaa, laini kama ngozi, maandishi yamefutika, yamebaki "NANI KA" na doa la mafuta ya nazi. Jirani hapa aliniambia ninunue kibebeo cha kisasa chenye mikanda. Nitakinunua, mgongo wangu unauma kweli, lakini usingizi wake uko kwenye ile kanga.

Na ule ukili? Mama aliulowesha. Sehemu kubwa ilikatika, miaka 36 juu ya moshi si mchezo, lakini karibu pima mbili na nusu zilishikana. Ameziunganisha na ukili mpya, wake na ule mbovu niliousuka mimi ukumbini, unaojulikana kwa mbali kwa jinsi unavyopinda. Mtoto wa jirani alinitumia picha: mkeka mdogo, haujatiwa pindo, kati yake umepita mstari wa rangi ya chai.

Jana mama amenipigia simu. Anataka kujua mtoto amefikia urefu gani, ili ajue azungushe ukili mara ngapi tena kabla ya kutia pindo. Nikamlaza juu ya kitanda nikampima kwa mkono, yeye anarusha miguu na kucheka. "Shibiri tatu na vidole vinne, mama."

"Shibiri za mkono wako au wangu?"

Nikamwambia zangu. Akakaa kimya kidogo. Akasema basi nisimwambie kitu, nimlete tu kabla ya masika, atampima mwenyewe.